Ndege Njema, Ndege Mbaya

Kuku waligoma kula. Ilikuwa mwaka 249 KK, nje ya bandari ya Drepana katika kisiwa cha Sisilia, na konsuli wa Roma, Publius Claudius Pulcher, alikuwa na merikebu za vita zaidi ya 120 zikingoja amri yake. Desturi ilitaka kuku watakatifu, waliosafirishwa tunduni pamoja na jeshi, wamwagiwe nafaka kwanza. Wakila kwa pupa hadi punje ziwaponyoke mdomoni, miungu imeridhia. Wakisusa, vita viahirishwe. Kuku wale walizipa punje kisogo. Inasimuliwa kwamba Pulcher aliwatupa baharini akisema kama hawataki kula, basi na wanywe. Siku hiyohiyo adui zake, Wakarthago, waliteka merikebu zake 93.

Kisa kitamu, na Waroma walikirudia kwa karne nyingi. Tatizo ni kwamba mwanahistoria Polybius, aliyeandika miaka mia moja hivi baada ya vita, hamtaji kuku hata mmoja. Anachoeleza ni makosa ya ubaharia. Pulcher alitaka kumvamia adui ghafla. Merikebu zake za mbele zikaingia bandarini, adui akatokea upande wa pili, na amri ya kurudi nyuma ilipotolewa merikebu zikagongana mlangoni. Zilizosalia zilibanwa ufukweni bila nafasi ya kugeuka. Kuku tunawakuta katika maandishi ya Waroma kama Cicero, takriban miaka 200 baada ya vita.

Mkosi, kwa maneno mengine, uliandikwa baada ya msiba. Ukizifuatilia imani nyingi za bahati hadi zilikoanzia, ndivyo utakavyozikuta: tukio limeshapita, kisha watu wanarudi nyuma kutafuta dalili iliyolitangulia.

Mswahili wa zamani asingeshangaa kusikia kuku wakiulizwa habari za vita. Katika lugha yake neno ndege lilikuwa na maana nyingine ambayo vijana wengi wa leo hawaijui: ishara ya heri au shari iliyo mbele. Aliyeanza safari akakutana na jambo la kumpa moyo alikuwa amepata ndege njema. Aliyejikwaa mguu wa kushoto kizingitini, au akasikia mlio asioupenda, hiyo ilikuwa ndege mbaya, na wapo waliorudi ndani wakavua viatu wakangoja kesho.

Maana hiyo haiko katika Kiswahili peke yake. Kwa Kigiriki cha kale, neno ornis lilimtaja ndege na pia ishara. Walatini waliunganisha avis, yaani ndege, na specere, kutazama, wakapata auspicium, idhini ya miungu inayosomwa angani. Waarabu kabla ya Uislamu walikuwa na tiyara, neno lenye mzizi mmoja na tayr, ndege: msafiri alimkurupusha ndege, akiruka kulia safari inaendelea, akiruka kushoto mtu anarudi kwake. Mtume Muhammad aliikana imani hiyo waziwazi. Hadithi iliyo katika mikusanyo ya Bukhari na Muslim inaikanusha tiyara pamoja na hofu ya bundi na ya mwezi wa Safar, ule ambao watu wa pwani huuita Mfunguo Tano. Hata hivyo hofu hizo hazikufa. Katika kisiwa cha Java, Waislamu wengi hadi leo huipitisha Jumatano ya mwisho ya Safar kwa dua za kuondoa balaa.

Kwa nini ndege? Kwa sababu anaonekana ghafla, hasemi anakokwenda, na hutoka juu, ambako binadamu wa zamani hakuweza kufika. Baadaye kazi hiyo ilichukuliwa na kitu kilicho juu zaidi.

Msamiati wa bahati katika Kiswahili umejaa vumbi la nyota. Wanafalaki wa ulimwengu wa Kiarabu waliziona sayari za Mshtarii na Zuhura kuwa za heri, na heri hiyo waliiita sa'd. Ndiyo sudi ya Kiswahili. Zohali na Mirihi zilikuwa za nahs, nasi tukapata nuhusi. Elimu hiyo ilivuka bahari na majahazi ya msimu, ikaingia katika vitabu vya walimu wa pwani, ikatumika kuchagua siku ya ndoa na saa ya kung'oa nanga. Ramli nayo ni neno la Kiarabu la mchanga, kwa kuwa mpiga ramli alichora vidoto mchangani na kuvipanga katika maumbo 16. Bahati ilitoka Uajemi. Nasibu maana yake ni fungu, mgawo wa mtu. Mwenye tiketi ya bahati nasibu mfukoni amebeba Uajemi na Uarabuni katika kipande kimoja cha karatasi. Na kijana anayelalamika kwamba nyota yake imefifia, kisha akasimama kusoma bango la mganga wa kusafisha nyota lililogongomelewa kwenye nguzo ya umeme, anaendeleza falaki bila kujua.

Lakini hakuna aliyesingiziwa kama bundi.

Katika sehemu kubwa ya Afrika Mashariki, bundi akilia juu ya paa watu huhesabu wagonjwa wa nyumba hiyo. Waarabu wa kale waliamini kwamba mtu aliyeuawa hutokwa na ndege kichwani, hama, anayelia kuomba maji hadi damu ilipiziwe kisasi. Huko Athens ndege huyohuyo alikuwa wa Athena, mungu wa hekima, na picha yake ilipigwa kwenye sarafu za fedha; bado yupo kwenye sarafu ya euro 1 ya Ugiriki. Bundi ni mmoja. Kilichobadilika ni watu wanaomsikiliza.

Ukimchunguza, hofu inaeleweka. Bundi wa darini hutaga juu ya dari na katika magofu kwa kuwa huko kuna giza na panya. Manyoya yake yana ncha laini zinazovunja mawimbi ya hewa, hivyo huruka bila sauti, na mlio wake unafanana na mtu anayepiga ukelele. Sasa fikiria ni nani walio macho saa nane ya usiku. Waliolala hawamsikii, hata akilia mwaka mzima juu ya bati lao. Wanaomsikia ni wanaokesha, na wanaokesha mara nyingi wanauguza. Mgonjwa akifariki, bundi hukumbukwa. Akipona, hakuna atakayemtaja bundi kwenye shukrani.

Imani nyingine zina chanzo cha nyumbani zaidi. Usifagie usiku, utafukuza riziki. Usiombe sindano usiku. Chumvi ikiwa gizani huitwa dawa ya mboga, na nyoka huitwa kamba, asije akadhani ameitwa. Rudisha imani hizo katika enzi ya koroboi, na sehemu ya makatazo inakuwa busara tupu: anayefagia gizani huitupa pete au sarafu iliyoanguka, na sindano ikidondoka mkekani itapatikana kwa wayo wa mtoto. Kumwambia mtoto kwamba atafukuza riziki kulifanya kazi haraka kuliko maelezo marefu. Umeme ukaja, sababu ikaondoka, katazo likabaki.

Majina ya kukwepa yana mzizi mwingine, ule wa kuamini kwamba neno na kitu ni ndugu. Wachina wanaufahamu vizuri. Katika Kimandarini, sauti ya neno nne inakaribiana sana na ya neno kifo, ndiyo maana majengo mengi hayana ghorofa ya 4. Nane inakaribiana na neno la kustawi, na Michezo ya Olimpiki ya Beijing ilifunguliwa tarehe 8 mwezi wa 8 mwaka 2008, saa mbili usiku.

Kwa nini imani hizi hazichakai? Jibu moja lilitoka kwa ndege wenyewe. Mwaka 1948 mwanasaikolojia wa Marekani B. F. Skinner alichapisha jaribio la njiwa 8 wenye njaa. Kila mmoja aliwekwa katika kisanduku ambamo chakula kilijitokeza kila baada ya sekunde chache, njiwa afanye asifanye. Njiwa 6 walibuni ibada zao. Mmoja alizunguka kinyume cha saa, mwingine alisukuma kichwa kwenye kona ya juu, wengine waliyumba kama pendulo. Kila mmoja alikuwa akifanya jambo fulani chakula kilipotokea mara ya kwanza, akalirudia. Watafiti Staddon na Simmelhag walipolirudia jaribio mwaka 1971 waliona kwamba mengi ya mazoea hayo ni tabia za asili za njiwa anayengoja kula, na mjadala haujaisha. Picha, hata hivyo, haisahauliki: ndege, ambaye kwa milenia kadhaa alitazamwa ili kutabiri bahati, naye anatafuta ya kwake.

Jibu la pili lilitoka baharini. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, mwanaanthropolojia Bronisław Malinowski aliishi na watu wa visiwa vya Trobriand, ambavyo leo ni sehemu ya Papua New Guinea. Aliona kwamba waliovua ndani ya wangwa, penye maji matulivu na samaki wa uhakika, hawakuwa na uganga wowote wa kazi hiyo. Waliotoka kwenda bahari kuu, penye dhoruba na papa, hawakung'oa nanga bila ibada ndefu.

Mpenzi wa soka wa Tanzania anaweza kumaliza hoja hiyo mwenyewe. Mazoezini hakuna anayeingia kinyumenyume. Inapokaribia siku ya watani wa jadi, Simba na Yanga, ndipo minong'ono ya kamati ya ufundi inaanza, jina la heshima la watu wanaodhaniwa kushughulikia yasiyofundishwa na kocha: lango hili lisipitwe, chumba kile kisitumike. Dakika 90 za mpira zina wangwa wake na bahari kuu yake.

Wapo wanaosema hayo hayamdhuru mtu. Wakati mwingine si kweli. Wachimbaji wa madini na wavuvi wa Kanda ya Ziwa nao wanaishi kwa kubahatisha, na baadhi yao waliaminishwa kwamba viungo vya watu wenye ualbino huvuta utajiri. Hadi mwaka 2015, kwa hesabu za Umoja wa Mataifa, zaidi ya watu 70 wenye ualbino walikuwa wameuawa Tanzania tangu mwaka 2000. Januari 2015 serikali ilipiga marufuku wapiga ramli. Ramli chonganishi ndilo jina lililozoeleka magazetini, na linafaa: humnyooshea mtu kidole baada ya msiba, kama kuku wa Drepana walivyonyooshewa, ila huyu ana damu na familia.

Hata sayansi haikuponea. Wakristo wengi wa Ulaya waliiogopa namba 13 kwa kukumbuka karamu ya mwisho ya Yesu, yenye watu 13 mezani. Chombo cha anga cha Apollo 13 kikaruka tarehe 11 Aprili 1970, saa 13:13 kwa saa za Houston, na tangi la oksijeni likalipuka usiku wa tarehe 13. Uchunguzi ulikuta swichi za joto zilizotengenezwa kwa volti 28 zikapewa volti 65 kabla ya safari, zikashikana kwa joto, na nyaya ndani ya tangi zikabaki uchi. Wanaanga wote watatu walirudi salama tarehe 17. Wala Mswahili asingeiona 13:13 kwenye saa yake: kwake ilikuwa saa saba na dakika 13 mchana.

Shirika la ndege la Lufthansa bado huruka namba 13 katika safu zake za viti, na 17 pia, kwa ajili ya Waitalia: herufi za XVII zikipangwa upya husomeka VIXI, Kilatini cha nimeishi, yaani nimekufa. Abiria akihesabu kutoka mbele, baada ya safu ya 12 anafika ya 14. Aliyeketi hapo, mkanda umefungwa, ndege ikianza kukimbia kwenye njia ya kurukia, yuko katika safu ya kumi na tatu.