Mchapuko na Mshiko wa Tairi katika Baiskeli za Umeme za Nguvu Kubwa Zinazoundwa Nyumbani

1.0 Utangulizi

Makala haya yanaeleza uhusiano uliopo kati ya mchapuko, yaani kiwango cha kuongezeka kwa mwendo, na mshiko wa tairi barabarani katika baiskeli za umeme zinazoundwa na watu binafsi majumbani au katika karakana ndogo. Kwa kawaida, baiskeli ya aina hii huwa na fremu imara, mota iliyofungwa katika kitovu cha gurudumu la nyuma, betri ya lithiamu, na kidhibiti kinachopima mkondo unaoingia katika mota.

Sheria za nchi nyingi huzipima baiskeli za umeme kwa wati. Katika Umoja wa Ulaya na Uingereza, chombo huendelea kuhesabiwa kuwa baiskeli iwapo nguvu ya kudumu ya mota haizidi wati 250 na msaada wa mota unakoma mwendo ufikapo km 25 kwa saa. Nchini Marekani, sheria ya shirikisho ya mwaka 2002 iliweka ukomo wa chini ya wati 750 na km 32 kwa saa. Baiskeli zinazojadiliwa hapa huvuka mipaka hiyo kwa mbali, kwani zipo zenye wati 5,000 na zaidi.

Hoja ya makala haya ni kwamba idadi ya wati haitoshi kueleza jinsi baiskeli inavyoondoka. Katika mwendo mdogo, kinachotawala ni umbo la baiskeli, hali ya barabara na mkondo unaoruhusiwa kuingia katika mota. Muundaji anayeongeza wati bila kuyazingatia hayo huongeza hatari pasipo kuongeza mchapuko.

2.0 Nguvu na Kani

Nguvu ni zao la kani na mwendo. Kwa hiyo, kwa nguvu ile ile, kani inayoweza kupatikana huwa kubwa mwendo unapokuwa mdogo, na hupungua kadiri mwendo unavyoongezeka. Ili kufafanua jambo hili, tuchukue baiskeli ya mfano ambayo, pamoja na mwendeshaji wake, ina tungamo la kilo 120. Umbali kati ya ekseli zake mbili ni mita 1.10. Kitovu cha uzito kipo mita 1.10 juu ya ardhi na mita 0.45 mbele ya ekseli ya nyuma. Ukinzani wa hewa umeachwa kando, kwa kuwa ni mdogo katika mwendo unaojadiliwa.

3.0 Ukomo wa Kuinuka kwa Gurudumu la Mbele

Baiskeli inapochapuka, uzito huhamia nyuma. Mchapuko ukizidi kiwango fulani, gurudumu la mbele huacha ardhi. Kiwango hicho hupatikana kwa kugawanya umbali wa kitovu cha uzito kutoka ekseli ya nyuma kwa kimo chake, kisha kuzidisha kwa mchapuko wa graviti. Katika mfano wetu, 0.45 ikigawanywa kwa 1.10 na kuzidishwa kwa 9.81 hutoa takriban mita 4.0 kwa sekunde mraba. Kani inayohitajika ni takriban niutoni 480.

Mota inayofikisha wati 5,000 kwenye gurudumu inaweza kutoa kani hiyo hadi mwendo wa km 37 kwa saa. Mota ya wati 10,000 inaweza kuitoa hadi km 75 kwa saa. Hata hivyo, kutoka kusimama hadi km 36 kwa saa, baiskeli zote mbili zitatumia sekunde 2.5, kwa sababu zote zimezuiwa na ukomo uleule. Wati 5,000 za ziada hazileti manufaa yoyote katika mita 12 za mwanzo. Huanza kuonekana baadaye, mwendo unapokuwa mkubwa.

Kwa sababu hiyo, vyombo vya mashindano ya kuchapuka hurefushwa na kushushwa chini. Pikipiki ya umeme KillaCycle, iliyoundwa na Bill Dubé wa Marekani na ambayo mwaka 2007 ilikata robo maili kwa chini ya sekunde 8, ilikuwa ndefu na ya chini. Baiskeli ya kawaida ni fupi, na mwendeshaji wake huketi juu. Umbo lake halikukusudiwa kubeba msukumo wa namna hiyo.

4.0 Ukomo wa Kuteleza

Gurudumu la mbele huinuka tu iwapo tairi la nyuma lina mshiko wa kutosha. Mshiko hupimwa kwa uwiano wa msuguano, yaani kani ya juu kabisa ya msuguano ikigawanywa kwa uzito unaolikandamiza tairi. Katika mfano wetu, uwiano ukiwa zaidi ya 0.41, gurudumu la mbele huinuka kabla tairi la nyuma halijateleza. Hiyo ndiyo hali ya lami kavu, ambayo uwiano wake huwa mkubwa kuliko huo. Uwiano ukiwa chini ya 0.41, kama ilivyo katika changarawe iliyolegea, tairi huteleza kwanza. Kwa uwiano wa 0.3, mchapuko wa juu kabisa ni takriban mita 2.5 kwa sekunde mraba.

Tofauti hii ina athari katika uamuzi wa mahali pa kuweka betri. Chukua betri ya kilo 12 iliyo juu ya gurudumu la nyuma, kisha uihamishe sentimita 50 mbele na sentimita 40 chini. Ukomo wa kuinuka hupanda kutoka mita 4.0 hadi 4.6 kwa sekunde mraba. Lakini kwenye changarawe ile ile, ukomo wa kuteleza hushuka kutoka 2.5 hadi 2.3, kwa kuwa tairi la nyuma limepunguziwa uzito. Hivyo basi, hakuna mpangilio mmoja ulio bora kwa barabara zote.

Aidha, mshiko wa tairi hutumika kwa pamoja katika kusukuma mbele na katika kuzuia kuteleza kando. Kwenye kona, sehemu kubwa ya mshiko huwa imekwisha kutumika. Msukumo unaovumilika katika barabara iliyonyooka unaweza kuitupa baiskeli chini mahali hapo. Tena, tairi likianza kuteleza, msuguano hupungua na mota hukosa kizuizi. Mota inayozunguka mara 9 kwa dakika kwa kila volti, katika betri ya volti 72 na gurudumu la nusu kipenyo cha mita 0.33, inaweza kulizungusha tairi kwa kiwango cha takriban km 80 kwa saa ilhali baiskeli yenyewe iko katika km 15.

5.0 Mkondo, Joto na Ekseli

Kani zungushi ya mota hufuata mkondo unaopita katika nyaya zake. Mota tuliyoitaja hutoa takriban niutoni-mita 1.06 kwa kila ampea. Ili kupata kani ya niutoni 480 kwenye gurudumu lile, zinahitajika niutoni-mita 159, sawa na ampea 150. Katika mwendo wa km 10 kwa saa, kazi inayofanyika ni wati 1,340 tu. Lakini nyaya zenye ukinzani wa omu 0.1 zitageuza wati 2,250 kuwa joto. Betri itatoa takriban ampea 50 pekee. Kwa hiyo, anayepima mkondo wa betri bila kupima ule wa mota haoni kinachoikabili mota.

Kani zungushi hiyo huirudia ekseli kwa upande wa kinyume. Ekseli ya mota za namna hii mara nyingi huwa na kipenyo cha milimita 14, iliyochongwa bapa hadi milimita 10 ili ishikwe na fremu. Iwapo kani hizo zinagusana na fremu katika nafasi za takriban sentimita moja, niutoni-mita 159 huwa karibu niutoni 16,000. Alumini inaweza kupasuka, ekseli ikazunguka na kukata nyaya. Mkono wa chuma unaoizuia ekseli isizunguke ni sharti katika ujenzi huu, na unapaswa kubana pande zote mbili, kwa kuwa mota inapotumika kupunguza mwendo, kani hugeuka.

6.0 Hitimisho

Imebainika kwamba katika mwendo mdogo, mchapuko wa baiskeli hizi huamuliwa na kilicho kidogo zaidi kati ya mambo matatu: ukomo wa kuinuka, ukomo wa kuteleza, na mkondo wa mota. Kwa muundaji, hatua ya kwanza ni kupima kitovu cha uzito. Ya pili ni kuweka ukomo wa mkondo wa mota chini kidogo ya kiwango cha kuinuka. Na ya tatu ni kuufanya mkondo upande taratibu kishikio kinapozungushwa, pamoja na kiwango cha chini zaidi kwa ajili ya barabara zenye changarawe au maji. Kwa watunga sheria, wati za kudumu zinaeleza zaidi hatari ya mwendo mkubwa kuliko ile ya kuondoka. Baiskeli mbili zenye wati sawa zinaweza kuwa na kani zungushi zinazotofautiana sana. Uchunguzi wa usalama wa vyombo hivi unapaswa kuanzia pale tairi linapoigusa ardhi.