Mhazili hodari ni kumbukumbu ya afisi

WENGI wanapotaja kazi ya uhazili huwazia mtu aliyeketi mezani akipiga chapa na kupokea simu. Dhana hiyo imepitwa na wakati. Siku hizi wakubwa wengi huandika barua zao wenyewe kwa kompyuta, ilhali haja ya mhazili haijapungua hata kidogo.

Mfikirie mkazi wa Mtongwe, eneo la Likoni, anayefuatilia jambo katika afisi iliyoko kisiwani. Hana budi kurauka, kupanda matatu hadi kivukoni, kuvuka kwa feri katika msongamano, kisha kuendelea na safari upande wa pili. Kwa mtu anayetegemea kibarua, huo ni ujira wa siku nzima. Akifika na kuambiwa, "Mkubwa hayupo, njoo kesho," amepata hasara isiyoandikwa katika vitabu vya afisi yoyote. Mhazili anayeijua kazi yake hutazama shajara, akamtajia mgeni siku na saa, akaipokea barua yake na kumrudishia nakala iliyogongwa muhuri.

Muhuri huo una uzito kuliko tunavyodhani. Sheria ya mwaka wa 2016 kuhusu haki ya kupata habari inazitaka afisi za umma zitoe uamuzi katika siku 21 tangu kupokea ombi, au saa 48 ikiwa habari inayotakiwa inahusu uhai au uhuru wa mtu. Raia atathibitishaje kwamba muda umepita iwapo barua yake haikutiwa tarehe wala kuingizwa katika daftari la barua zinazopokewa?

Hali ni hiyo hiyo katika kampuni za uondoaji mizigo kule Changamwe. Ujumbe mmoja wa simu ukisahauliwa, hati za kontena huchelewa, siku za bure zikaisha na ada ya kuhifadhi mzigo ikaanza kuhesabiwa. Mteja hatamlaumu mhazili, ataihama kampuni.

Kuna upande mwingine ambao haufai kufichwa. Anayelinda mlango aweza pia kuufunga. Faili "hupotea" hadi mwenyewe atoe kitu kidogo, kisha huonekana ghafla. Ndiyo maana uaminifu na kutunza siri ni sifa kubwa kuliko kasi ya vidole, ingawa waajiri wengi hupima vidole tu, na wengine humtwika mhazili kazi ya kupika chai kana kwamba aliisomea.

Kipimo chepesi cha mhazili ni siku anapokwenda likizo. Aliye hodari humwachia mwenzake maelezo kwa maandishi: barua zinazosubiri sahihi, wageni walioahidiwa miadi, na kila faili iliyotoka, tarehe iliyotoka na jina la aliyeichukua.