Mtumishi wa Mungu naye hupumzika

Wapo miongoni mwetu walimu ambao juma lao halina mwisho. Mchana hufundisha, jioni husahihisha madaftari, Jumamosi huongoza mazoezi ya kwaya, na Jumapili, baada ya kuwafunza watoto kanisani, huketi katika kamati ya ujenzi hadi giza liingie. Wanafunzi nao, hasa viongozi wa vyama vya Kikristo shuleni, hutoka kwenye mkesha wa maombi wakaingia darasani macho yakiwa mekundu. Ukiwajulia hali watakujibu kwamba wanamtumikia Bwana. Lakini nyuso zimesawijika, na hasira ziko karibu.

Sisemi kwamba huduma ni mbaya, wala simtetei mvivu. Ninachokitilia shaka ni ile fikira ambayo aghalabu hujificha chini ya bidii hiyo: kwamba mtumishi akilala, kazi ya Mungu nayo itasimama.

Msomaji aliyesoma Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 19, atamkumbuka nabii Eliya. Alikuwa ametoka kupata ushindi mkubwa juu ya manabii wa Baali katika mlima Karmeli, kisha kwa tishio la Yezebeli akatoroka hadi jangwani, akaketi chini ya mretemu na kuomba afe. Je, alikemewa? La, hasha! Aliachwa alale. Malaika akamwamsha, akampa mkate na maji, naye akala akalala tena. Akaamshwa mara ya pili, akalishwa tena, kwa sababu safari iliyokuwa mbele yake ilikuwa ndefu kuliko nguvu zake. Hayo ndiyo mapenzi ya Mungu kwa mtumishi aliyechoka: chakula kwanza, usingizi, na maneno baadaye.

Na maneno yalipokuja, yalimwondolea nabii mzigo ambao hakuna aliyemtwika. Eliya alikuwa akilalamika kwamba amebaki peke yake. Akaambiwa kuwa katika Israeli wamo watu 7,000 ambao hawakumsujudia Baali, tena akaagizwa kumtia mafuta Elisha awe nabii mahali pake. Kumbe Mungu alikuwa na watu ambao Eliya hakuwajua, na kazi ilikwisha kupangiwa mrithi.

Hapa wazee wa makanisa nao hawana budi kuulizwa. Mbona kila kazi huelekezwa kwa yule mwalimu kijana asiyejua kukataa, ilhali wengine 20 wameketi tu viti vya nyuma?

Huenda msomaji akauliza: na ikiwa mtu amejitolea miaka mingi asione matunda, atapumzikia wapi? Swali hilo ni zito, na jibu lake halipatikani kwa kuhesabu waumini. Tumtazame Johannes Rebmann, mmisionari Mjerumani wa C.M.S., aliyefika Mombasa mwaka 1846 kumsaidia Ludwig Krapf. Krapf alikuwa amemzika mkewe Rosine na mtoto wao mchanga mwezi Julai 1844, miezi michache tu baada ya kufika pwani. Wawili hao wakafungua kituo Rabai. Krapf, mtu wa maono makubwa, aliota mlolongo wa vituo vya misheni kutoka Mombasa hadi pwani ya magharibi ya Afrika. Afya ikamshinda, akaondoka mwaka 1853. Rebmann akabaki.

Alibaki hadi mwaka 1875. Aliouona kwa macho yake mwaka 1848, ule mlima Kilimanjaro wenye theluji, ulimfanya achekwe na baadhi ya wataalamu wa Uingereza waliokuwa hawajakanyaga huku. Mwongofu wa kwanza, Mringe, alikuwa kiwete aliyebatizwa akiwa karibu kukata roho. Waliofuata walikuwa wachache mno. Mke wa Rebmann, Emma, alifariki mwaka 1866, na macho yake mwenyewe yakaanza kufifia hadi akawa kipofu. Kwa vipimo vya ripoti za mwaka, huyo ni mtu aliyeshindwa. Hata hivyo aliendelea kuketi Rabai akikusanya maneno ya lugha, mojamoja. Yale ya Kinyasa aliyapata kwa mtu aliyeletwa pwani kama mtumwa. Kwa maoni yangu, kazi ya namna hiyo haiwezi kufanywa na mtu anayeamini kwamba kila kitu kitakwisha pamoja naye.

Rebmann alifariki Ujerumani mwaka 1876. Kamusi yake ya Kinyasa ilitoka mwaka 1877, ikiwa imehaririwa na Krapf. Krapf naye akafariki mwaka 1881, na kamusi yake kubwa ya Kiswahili, ambayo wanafunzi wa lugha hii wanaipekua hadi leo, ikachapishwa London mwaka 1882.