Redio na Mapambazuko

Je, umewahi kufungua redio kabla ya jua kuchomoza? Huenda ulisikia kituo cha nchi ya mbali kikisema waziwazi. Jua lilipopanda, sauti ile ilififia, kisha ikapotea. Redio haikuharibika, wala betri hazikuisha. Kilichobadilika ni hewa iliyo juu sana. Katika somo hili tutajifunza sababu yake.

Matabaka mawili ya angani

Mawimbi ya redio husafiri katika mstari ulionyoka, lakini dunia ni mviringo. Je, mawimbi yanayotoka Ndalambo, katika Mkoa wa Songwe, yanawezaje kufika upande wa pili wa dunia?

Miali ya jua hugonga chembe ndogo za hewa iliyo juu sana na kuzitia chaji za umeme. Sehemu hiyo ya hewa huitwa ayonosfia. Ina matabaka kadhaa. Tutaangalia mawili.

Tabaka la chini liko kati ya kilometa 60 na 90 kutoka ardhini. Tabaka hili hufyonza mawimbi ya masafa ya kati, na pia baadhi ya mawimbi ya masafa mafupi. Hujengeka mchana, na jua likitua hutoweka upesi.

Tabaka la juu liko zaidi ya kilometa 200 kutoka ardhini. Hili huakisi mawimbi na kuyarudisha chini, kama kioo kinavyoakisi mwanga. Ardhi na bahari huyarudisha tena juu. Kwa kurukaruka hivyo, mawimbi hufika mbali sana. Tabaka hili hubaki usiku kucha, ingawa hudhoofika kidogo kidogo.

Dakika chache zenye thamani

Mtu aliye kileleni mwa mlima huliona jua kabla ya mtu aliye bondeni. Vivyo hivyo, tabaka la juu hupata miali ya jua kabla ya tabaka la chini. Kwa hiyo, wakati wa mapambazuko, tabaka linaloakisi limeanza kupata nguvu, na tabaka linalofyonza bado halijajengeka. Njia ya mawimbi huwa wazi.

Tuseme kuna kituo cha redio ya ridhaa Ndalambo. Watu wa redio ya ridhaa hawarushi matangazo ya biashara. Huwasiliana wao kwa wao ili kujifunza. Kila kituo huwa na kibali cha serikali na alama ya kukitambulisha. Alama za vituo vya Tanzania huanza na 5H.

Katika miezi ya Machi na Septemba, jua huchomoza Ndalambo kati ya saa 12:30 na saa 1:00 asubuhi. Wakati huo huo, jua linakaribia kutua katika kisiwa cha Tahiti, Bahari ya Pasifiki, umbali wa takriban kilometa 17,000. Ndalambo ikiwa Jumanne alfajiri, Tahiti bado ni Jumatatu jioni. Mtambo wenye nguvu ya wati 100 tu unaweza kufika huko, tena kwa muda usiozidi sehemu moja ya kumi ya sekunde, kwa kuwa mawimbi husafiri kilometa 300,000 kwa sekunde.

Lakini karibu na Ikweta jua hupanda wima, na mapambazuko ni mafupi. Baada ya dakika chache tabaka la chini hujengeka na njia hufungwa. Aliyechelewa kuamka hana budi kungoja siku nyingine, na siku hiyo huenda mwenzake asiwepo.

Mwanafunzi wa mwaka 1924

Tarehe 18 Oktoba, 1924, Cecil Goyder, mwanafunzi wa miaka 18, alitumia mtambo uliokuwa shuleni kwake Mill Hill, London. Aliwasiliana kwa alama za Morse na Frank Bell, aliyekuwa New Zealand, umbali wa zaidi ya kilometa 18,000. Hayo yalikuwa mawasiliano ya kwanza ya redio ya kwenda na kurudi kati ya nchi hizo mbili. Katikati ya mwezi Oktoba, jua huchomoza London wakati linapokaribia kutua kusini mwa New Zealand.

Jaribio

Vifaa: redio yenye masafa ya kati au mafupi, saa, daftari na kalamu.

1. Saa 11:30 alfajiri, zungusha kitafutio cha redio polepole. Andika idadi ya vituo unavyovisikia.
2. Rudia saa 12:30, kisha saa 2:00 asubuhi.
3. Linganisha hesabu zako. Vituo gani vimepotea?

Maswali

1. Tabaka lipi hufyonza mawimbi, na lipi huyaakisi?
2. Kwa nini tabaka la juu hupata miali ya jua kwanza?
3. Rafiki yako anasema redio yake huharibika kila asubuhi. Utamweleza nini?