Mtoto Aamkapo Kutoka Katika Nusukaputi

Mtoto wa miaka mitatu ametolewa chumba cha upasuaji, mafindofindo yamekwishaondolewa, na mama anasogea kumpakata. Mara anafumbua macho, anapiga mayowe, anarusha miguu na kumsukuma mama yake kana kwamba hamjui. Bibi aliyesimama kando ananong'ona kuwa mjukuu amepandwa na jini, na Ayatul Kursiy inaanza kusomwa.

Isomwe, haina ubaya. Lakini wazazi wajue kuwa madaktari wanaifahamu vyema hali hiyo. Ni kuweweseka kwa mtoto atokaye katika usingizi wa dawa: mwili umeamka ilhali akili haijajikusanya. Huwapata zaidi watoto wa miaka miwili hadi mitano, hasa waliolazwa kwa dawa za kuvuta kama sevoflureni, ambayo hutoka mwilini upesi. Kwa kawaida hupita ndani ya nusu saa. Muhimu ni kumlinda asianguke wala asichomoe dripu, na muuguzi aangalie kama ana maumivu, kwani kilio chake hufanana na hicho.

Saa za kabla ya upasuaji ndizo zilizo mikononi mwetu. Mwaka 2004, Zeev Kain na wenzake nchini Marekani walichapisha utafiti ulioonesha kuwa watoto walioingia na hofu kubwa zaidi ndio walioelekea zaidi kuweweseka. Na hofu hiyo mara nyingi tunaipalilia wenyewe. Mtoto huambiwa anapelekwa kununuliwa aiskrimu, kisha anajikuta amefunikwa barakoa usoni na watu asiowajua. Mtume (s.a.w.) alimuuliza mama mmoja aliyemwita mwanawe kwa ahadi ya kumpa kitu: alikusudia kumpa nini? Akajibu, tende. Akaambiwa kuwa lau asingempa chochote, angeandikiwa uongo. Hiyo ni tende tu, sembuse upasuaji!

Basi aambiwe ukweli kwa kadiri ya umri wake: atavuta hewa kwa barakoa, atalala, hatahisi kitu, na akiamka koo litauma. Abebe kidoli chake. Mzazi aulize mapema kama anaruhusiwa kumsindikiza mpaka asinzie. Akiruhusiwa, aingie aliye mtulivu zaidi, awe baba au mama, kwa kuwa mtoto husoma uso kabla ya maneno. Hofu ikizidi, daktari aweza kumpa dawa ya kumtuliza kabla hajaingizwa.

Na kama aiskrimu iliahidiwa, akishatulia na daktari akiruhusu, inunuliwe.