Redio Si Futi Kamba

"Injinia, si mawimbi yakiwa na nguvu maana yake kifaa kiko karibu?" Wiki iliyopita nimeulizwa tena, hapahapa Chang'ombe, na kijana aliyetawanya vihisi vya unyevu wa udongo kwenye shamba la zabibu la baba yake kule Hombolo. Kipi kiko wapi hakuandika. Sasa anataka simu imhesabie mita kwa kusoma nguvu ya mawimbi, na fomula anayo.

Fomula haina kosa. Penye uwazi mtupu, umbali ukiwa maradufu mawimbi yanapungua desibeli 6. Balaa ni kuisoma kinyumenyume: desibeli zikipotea kwa sababu yoyote ile, yenyewe inajua jibu moja tu, umbali. Simama kati ya kihisi cha gigahezi 2.4 na kipokezi. Mwili ni maji. Unaweza kumeza desibeli 10. Kihisi kiko mita 10, fomula itakuapia kiko zaidi ya 30. Majani ya mzabibu yaliyolowa nayo yanameza. Sogeza kipokezi sentimita 6, nusu ya urefu wa wimbi, namba inaruka, maana wimbi lililonyooka linakutana na lililogonga ardhi au bati. Mara yanabebana, mara yanauana. Na kwa nyumba zetu zilivyobanana hapa, kifaa cha chumba cha pili kinaweza kusomeka dhaifu kuliko cha ng'ambo ya barabara kilichowekwa dirishani.

"Basi nitapima mara mia, nichukue wastani." Hapo ndipo ninapochoka. Wastani unatuliza namba zinazochezacheza, ukuta hauondoki. Wengine wanaongeza nguvu ya kurusha. Haya, desibeli zimepanda palipo wazi na palipozibwa sawasawa, tofauti iliyokudanganya iko palepale, na betri inakwisha mapema.

Cha kufanya? Kihisi cha udongo hakitembei: siku ya kukifunga chukua GPS ya simu, andika daftarini, piga namba kwa rangi kwenye nguzo. Kinachohama, weka vituo vichache unavyojua vilipo, kisha uliza kituo kipi kinakisikia, basi. Ndani ya jengo, zunguka kwanza ukirekodi namba za kila kona, ndipo ulinganishe. Watafiti wa Microsoft walifanya hivyo na mfumo wao wa RADAR mwaka 2000, kosa la kawaida likawa mita 2 hadi 3. Ukihamisha makabati, rudia. Unataka sentimita? Nunua redio zinazopima muda wa wimbi kusafiri, na ujiandae kulipa, kwa kuwa nanosekunde moja tu ni sentimita 30.

Vya kijana tulivitafuta kwa miguu Jumamosi, mstari kwa mstari. Kilichosomeka mbali kuliko vyote kilikuwa hatua chache kutoka getini, kimefunikwa na karai.