Punguzo la Kilimanjaro hukatwa kwa nani?

Ubelgiji haina mlima. Sehemu yake ya juu kabisa, Signal de Botrange, iko mita 694 kutoka usawa wa bahari, na mwaka 1923 Wabelgiji walirundika hapo kilima cha udongo na kukiwekea ngazi ili mtu akipanda aweze kusema amefika mita 700. Pamoja na hayo, ukipita uwanja wa Flagey mjini Brussels mwezi wa Mei, watu wameketi juani nje ya Café Belga, si ajabu kusikia Kilimanjaro ikitajwa katikati ya Kifaransa.

Sababu mojawapo ni ya kihasibu. Mwajiriwa wa Ubelgiji ana wiki nne za likizo yenye malipo, na juu ya mshahara wake hupewa posho ya likizo ambayo kwa watu wa ofisini inakaribia mshahara wa mwezi mzima. Wengi huipata Mei au Juni. Msimu mkubwa wa kupanda Kilimanjaro nao huanza mwishoni mwa Juni, mvua za masika zikishakatika, ukaendelea hadi Oktoba. Posho inaingia, njia za mlimani zinakauka.

Flagey yenyewe imekusanya wateja wa namna ya pekee. Uwanja uko manispaa ya Ixelles, kando ya mabwawa, chini ya jengo la redio ya taifa ya zamani lililochorwa na Joseph Diongre miaka ya 1930 likiwa na sura ya meli, na ambalo tangu 2002 ni ukumbi wa muziki na sinema. Kitivo cha usanifu majengo cha chuo kikuu cha ULB kipo hapo hapo. Wamo wanafunzi, wamo vijana wanaofanya kazi za mikataba kwenye ofisi za Umoja wa Ulaya zisizo mbali, wamo Wareno wa siku nyingi. Ukipanda basi namba 71 vituo vichache unashuka Matongé, mtaa wa Wakongo, ambako Kiswahili cha Bukavu, Goma na Bujumbura kinasikika kwenye foleni za saluni na za kutuma fedha. Wateja hawa wanafanana kwa jambo moja: si matajiri, ila wanataka vitu viwili kwa safari moja. Wanataka kilele cha kupigia picha, na wanataka kukaa na watu, kula chakula chao, kuona wanavyoishi. Na wanataka bei ya chini.

Bei ya chini inawezekana. Swali la kurasa za biashara ni inakatwa kutoka wapi.

Tuanze na yasiyokatika. Tiketi ya ndege kutoka Brussels hadi uwanja wa Kilimanjaro kwa kawaida hupitia Addis Ababa kwa Ethiopian, au msafiri hupanda treni hadi Schiphol akachukua KLM. Bei zake hupanda Julai na Agosti shule za Ulaya zikifungwa, na mwenye uhuru wa kusafiri Septemba hupata afueni bila kupoteza kiangazi. Viza ya Tanzania kwa Mbelgiji ni dola 50, na siku hizi huombwa mtandaoni, kwa hiyo hata ubalozi wetu wa barabara ya Franklin Roosevelt, mwendo mfupi kutoka Flagey, wengi hawaufiki. Anayetaka kumalizia Zanzibar aongeze dola 44 za bima ambayo imekuwa ya lazima kwa mgeni tangu Oktoba 2024.

Kisha zinakuja ada za hifadhi, nazo hazina mjadala. Kwa viwango vya miaka hii vya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, mgeni kutoka nje hulipa dola 70 kwa kila siku ya kuwa hifadhini, dola 50 kwa kila usiku wa kambi, na dola 20 za uokoaji mara moja. Juu yake kuna VAT ya asilimia 18. Chukua njia ya Machame kwa siku sita na usiku tano: 420, jumlisha 250, jumlisha 20, inakuwa 690; ukiweka kodi unapata dola 814 na senti. Fedha hizo hazimgusi mwenye kampuni. Anapokea kwa mkono huu na kulipa kwa mkono ule.

Njia ya Marangu ina vibanda badala ya mahema, na kitanda ni dola 60. Kwa siku tano na usiku nne ada zote pamoja na kodi ni takribani dola 720. Kwa hiyo ofisi za bei poa huisukuma Marangu ya siku tano kwa nguvu zote. Ni nafuu kweli, lakini hesabu yake ina tobo: mwili unatolewa chini kidogo ya mita 1,900 getini ukapelekwa mita 5,895 bila siku ya kuuzoesha hewa, na anayeshindwa akateremshwa kutoka kibanda cha Kibo amelipa ada ile ile aliyolipa aliyefika. Siku ya sita, ya kupumzika kwenye vibanda vya Horombo, inaongeza dola kama 153 za ada. Kwa maoni yangu ndiyo pesa inayofanya kazi kuliko zote katika bajeti nzima, na ndiyo ya kwanza kufutwa na mteja anayebana matumizi.

Sasa watu. Hakuna anayepanda Kilimanjaro peke yake kisheria. Lazima kiongozi mwenye leseni, na kwa njia za mahema huenda pia mpishi na wapagazi, ambao wenyewe hujiita wagumu. Kiwango kinachotajwa miaka mingi katika sekta ni dola 10 kwa siku kwa mpagazi, 15 kwa mpishi, 20 kwa kiongozi. Mgeni mmoja aliye na kiongozi, mpishi na wagumu wanne anatakiwa kuwalipia dola 75 kwa siku, yaani 450 kwa siku sita. Ukiijumlisha na ile 814 umeshafika dola 1,264. Hujanunua mchele, mayai wala gesi. Hujalipa gari la kwenda Machame na kurudi kutoka Mweka. Hujalala hata usiku mmoja Moshi, na mwenye mahema hajapata faida.

Sasa mtu akiwa Flagey anaonyeshwa kwenye simu safari ile ile kwa dola 1,200, aitazame vizuri. Hifadhi haijatoa punguzo, na Mamlaka ya Mapato pia haijatoa. Kilichobaki ni mgumu.

Namna ya kumkata inajulikana kwa kila mtu aliyewahi kukaa kijiweni Moshi. Analipwa kwa safari badala ya siku. Anaambiwa mshahara ni bakshishi ya wageni. Anapewa mlo mmoja kwa siku ili mzigo wa chakula upungue. Anatoa kitu kidogo kwa anayepanga majina ndipo apate kupanda. Kisheria mzigo wake usizidi kilo 20, na kuna mizani getini, lakini idadi ya wapagazi ikipunguzwa vitu havipungui; vitabebwa na waliobaki. Mradi wa kuwasaidia wapagazi, KPAP, ulioanza kazi Moshi mwaka 2003, umejenga jibu la kibiashara badala ya mahubiri: kampuni inayotaka kuhesabiwa miongoni mwa washirika wake hukubali safari zake zifuatiliwe, wagumu wahojiwe mishahara, milo na mahema yao, na matokeo yake ndiyo yanayoamua kama itabaki kwenye orodha. Orodha hiyo iko wazi. Mteja wa Brussels anaweza kuisoma kabla tramu yake haijafika.

Kuna njia moja halali ya kushusha gharama za watu, nayo ni kundi. Wageni wanne wakienda na viongozi wawili, mpishi mmoja na wagumu 12, mishahara ya siku ni dola 175. Kwa siku sita ni 1,050, na kila mgeni anabeba 262 hivi badala ya 450. Gari ni moja, sufuria ni zile zile. Ofisi za Moshi hulijua hili vizuri na nyingi zina tarehe za makundi ya kujiunga. Anayesafiri peke yake na bado anataka bei ya kundi bila kundi ndiye anayelitengeneza soko la dola 1,200.

Na Brussels inapata nini? Sheria ya Utalii ya Tanzania ya mwaka 2008 imeziweka biashara ya kupandisha milima na ya kuongoza watalii mikononi mwa Watanzania. Kampuni ya Ubelgiji haiwezi kukodi wagumu yenyewe; inanunua kwa mwenzake wa Moshi au Arusha, inaweka juu yake sehemu yake, inauza kwa euro. Wengi huona sehemu hiyo ni ulaji mtupu, wakaamua kuandikia Moshi moja kwa moja. Mimi ningekuwa mwangalifu zaidi. Sheria ya Ubelgiji ya Novemba 2017, iliyofuata agizo la Umoja wa Ulaya, inamtaka anayeuza safari ya kifurushi awe na dhamana ya kumrudishia mteja fedha au kumrudisha nyumbani kampuni ikifilisika. Thomas Cook ilipoanguka Septemba 2019 ndipo watu walipoona dhamana hiyo ina kazi gani. Anayemtumia mtu malipo ya awali Moshi hana dhamana hiyo. Alichonacho ni leseni ya kampuni ya biashara ya utalii, iitwayo TALA, aiombe aione, na jina zuri la mwenye ofisi.

Wapo Wabelgiji waliojaribu mkabala mwingine. Joker, kampuni ya usafiri wa bei nafuu ya upande wa Flanders, ilianzisha mtandao wa mikahawa ya wasafiri uitwao ViaVia, na mmoja ulifunguliwa Arusha, ndani ya eneo la Boma la Mjerumani lililogeuzwa makumbusho. Hapo mgeni alikunywa bia, akajifunza ngoma, akapata mtu wa kumpeleka sokoni au kijijini. Safari ya bei ya chini na utamaduni viliuzwa kaunta moja.

Utamaduni ndio upande wa bajeti unaodharauliwa na wanaopanga. Mgeni hutumia zaidi ya dola elfu moja mlimani kisha siku mbili za mwisho anazipa makombo, ilhali ndizo fedha zinazobaki pale pale. Mpango wa utalii wa utamaduni Tanzania ulianza katikati ya miaka ya 1990 kwa msaada wa shirika la Kiholanzi SNV, ukashirikiana na Bodi ya Utalii, na muundo wake ni wa kawaida kabisa: ada ya siku hugawanywa kati ya anayeongoza, mama anayepika, mwenye shamba, na mfuko wa kijiji wa shule au zahanati. Materuni mgeni anatwanga kahawa kwenye kinu, anaikaanga na kuinywa chini ya migomba, kisha anakwenda kuoga maporomokoni. Marangu kuna maporomoko ya Kinukamori, mahandaki ya Wachaga ya kujificha wakati wa vita, na upande wa Mamba wahunzi ambao bado wanafua chuma. Mbege, pombe ya ndizi, ikipatikana, ni juu ya tumbo la mgeni. Yohani Kinyala Lauwo, anayekumbukwa kama kiongozi wa Hans Meyer na Ludwig Purtscheller hadi kileleni Oktoba 1889, alikuwa mtu wa hapa hapa Marangu. Siku nzima ya namna hii haifiki ada ya siku moja ya mlimani.

Na kuna anayetaka milima lakini hana dola elfu. Huyo ofisi za Ulaya hazina cha kumwuzia, kwa sababu faida yake ni ndogo. Meru, mita 4,562, ina vibanda, inapandwa kwa siku tatu au nne, na ada zake ziko chini ya za Kilimanjaro. Rwenzori upande wa Uganda, kilele chake cha Margherita kikiwa mita 5,109, inafikika kwa Brussels Airlines hadi Entebbe bila kubadili ndege, ila matope yake na vifaa vya barafu vinakula nafuu yote. Volkano ya Nyiragongo, upande wa Kongo, ambako kabla ya kufungwa kibali kilikuwa dola 300 pamoja na kulala kileleni, haipangiki tena: ililipuka Mei 2021, na tangu Januari 2025 Goma, mji ulio jirani nayo, iko mikononi mwa waasi wa M23. Kwa Mkongo wa Matongé hilo si suala la utalii.

Jibu la mkoba mwembamba ni Usambara. Basi la Arusha au Dar linakushusha Mombo, unapanda gari la Lushoto kupitia kona za mlima, na kesho yake unaanza kutembea na kiongozi kutoka mojawapo ya vikundi vya utalii vya pale, kijiji kwa kijiji, hadi Mtae ambako ardhi inakatika ghafla na tambarare ya Mkomazi inaonekana chini. Unalala nyumba za wageni, au kwa masista wa Rangwi. Hakuna wagumu, maana hakuna kambi ya kubeba. Msitu wa Magamba una ada yake, siku nyingine ni za njia za wenyeji tu. Ile Saintpaulia yenye maua ya zambarau inayopamba madirisha ya Ubelgiji ilichukuliwa kutoka milima hii mwaka 1892 na bwana Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani wa Tanga, na Mshambaa hajawahi kulipwa kwa ajili yake.

Kinachoizuia Usambara isijae si bei wala barabara. Haina kibao cha kilele cha kusimama mbele yake ukapigwa picha, na kifurushi cha siku nne kinachouzwa kwa fedha ndogo hakimlipi wakala wa Brussels hata muda wa kujibu barua pepe. Kwa hiyo kinauzwa Lushoto kwenyewe, taslimu kwa shilingi.